Baiskeli ya Vero Imetekwa na Watani

Jumapili jioni, mwezi wa saba.

Upepo unavuma kutoka Matogoro tangu alfajiri na mpaka sasa haujapumzika. Nimevaa sweta na koti juu yake, nimekaa barazani kwangu hapa Bombambili, vidole vimejaa grisi na kioo cha simu kinateleza. Nimechukia. Nalisema hili mwanzoni ili asiyetaka kusoma kero za mtu mwingine siku ya Jumapili aende zake mapema, hatutalaumiana.

Baiskeli imekwisha. Ipo hapa mbele yangu, imesimama kwenye stendi yake ya miguu miwili, rangi ya kijani, kengele inang'aa. Ubavuni ina mchubuko wa leo asubuhi, na huo mchubuko nitaufikia. Wiki nyingi nimekuwa nikiandika humu habari za spoki na breki mpaka rafiki yangu mmoja akaniuliza kama blogu nimempangisha muuza vipuri. Nilimjibu asubiri, ikikamilika ataona.

Imekamilika. Na niliyemtengenezea hajui kuendesha baiskeli.

Sentensi hiyo nimeiandika nikaifuta, nikaiandika tena. Hajui. Hajawahi kujua. Ni mke wangu, nimezaa naye, nimemwona akizalisha mwanamke nyuma ya basi la Tunduru, nimemwona akipanda juu ya paa kuziba bati linalovuja huku mimi nimeshika ngazi, na haikunipitia akilini hata siku moja kwamba kuna kitu cha kawaida namna hii asichokijua.

Ngoja nianze mwanzo, labda hasira itapungua njiani.

Vero ni nesi. Zahanati yake iko mbele ya Matogoro, barabara ya Namtumbo, mbali ya kutosha kwamba ukienda kwa miguu unafika umeshachoka kabla ya kazi. Zamani alikuwa akichukuliwa na bodaboda mmoja mwaminifu, Sevelini, anayefika mlangoni kabla hata jogoo hajamaliza kuwika. Sevelini akasikia kuna watu wametajirika kwa mawe huko Tunduru. Akauza pikipiki, akaenda kuchimba, na hajarudi. Waliobaki hawapendi kutoka alfajiri kwenye baridi hii, na wakitoka wanataka abiria wa mjini. Vero akaanza kuchelewa. Wamama wamekaa kwenye benchi na watoto wamewafunga mgongoni, yeye bado yuko njiani anapunga mkono.

Mganga mfawidhi ni mama mstaarabu, hakumfokea. Alimpa ufunguo tu. Pale zahanati kuna nyumba ya mtumishi, vyumba viwili, iko wazi tangu nesi aliyekuwepo alipohamishwa. Akamwambia, mwanangu, kuanzia Jumatatu ya pili ya mwezi wa saba ama uwe unafika kliniki haijaanza, ama uhamie hapa, mimi sitaki kukuandikia barua. Vero akaja na ufunguo nyumbani akautundika kwenye msumari pembeni ya kalenda.

Hiyo Jumatatu ni kesho.

Akihamia kule ataondoka na Neema, binti yetu, maana mtoto wa umri ule humtengi na mama yake. Mimi nitabaki hapa na duka langu la kutoa fotokopi karibu na ofisi za serikali, duka ambalo siwezi kulihamishia porini kwa sababu kule hakuna wa kumtolea fotokopi. Tutaonana mwisho wa wiki. Watu wengi wanaishi hivyo na hawafi, najua. Baba yangu aliishi hivyo. Alikuwa kwenye tumbaku Namtumbo na nyumbani alikuja na mkate, kama mgeni, nasi tulimpisha kiti kama mgeni. Nilikuwa mkubwa ndipo nikagundua kwamba sijui anapenda kula nini. Neema asinipishe kiti. Hilo tu ndilo ninaloomba.

Kwa hiyo nikaamua kujenga baiskeli.

Fremu niliipata kwa jirani aliyenunua pikipiki. Ni chuma cha zamani kweli, kile ambacho kikikuangukia mguuni unakumbuka dhambi zako zote. Ilikuwa ya kiume, ina bomba la juu, na Vero kazini anavaa gauni. Nikaipeleka kwa fundi wa kuchomelea mtaa wa Majengo, akalikata lile bomba akalishusha chini ili mtu apande bila kurusha mguu. Mara ya kwanza alilichomelea upande. Ukiisukuma, gurudumu la mbele linakwenda sokoni na la nyuma linakwenda kanisani. Nilipomrudishia akaniambia itajinyoosha yenyewe nikiiendesha. Nikavuta kigoda nikakaa pale pale mpaka akaikata upya.

Nikaweka gia za nyuma nilizozitoa kwenye baiskeli ya mtumba, kwa ajili ya ule mlima. Nikatoa breki za vyuma nikaweka za waya, kwa ajili ya kuuteremka. Nilikata dumu la mafuta ya kula nikatengeneza kava ya cheni, gauni jeupe lisiguse grisi. Pembeni ya gurudumu la nyuma nilisuka neti ya kamba, upindo usiingie kwenye spoki. Mbele kuna kapu la mianzi la kuwekea chakula, nyuma kuna keria ya chuma bapa inayoweza kubeba gunia, na taa ya kuchaji kwa sababu ya ukungu.

Na kiti. Kiti ndicho nilichojivunia kuliko vyote. Lile bomba jipya la fremu lilikuwa linazuia nguzo ya kiti isishuke, hivyo ilibidi nguzo ikatwe kwa msumeno, na ukishaikata hairefuki tena. Nilitaka vipimo vyake kamili. Nilimpima mguu kwa futi ya fundi cherehani akiwa amesimama jikoni anasonga ugali, nikijifanya natafuta sindano iliyoanguka sakafuni. Akaniuliza sindano ya nini, nikasema ya kushonea. Nikakata kwa kipimo chake, kiti kikamkaa yeye na si mtu mwingine yeyote ndani ya nyumba hii.

Jioni alikuwa akiniletea chai hapa barazani. Anasimama, anaitazama, anasema, "Inapendeza, Baba Neema." Anaingia ndani.

Sasa ndiyo najiuliza niliisikiaje ile "inapendeza."

Nije kwenye jana. Jana tulikuwa tunaanua tanga la baba yangu mdogo, Mungu amlaze pema. Mzee alikula chumvi ya kutosha, alikufa usingizini, kwa hiyo msiba ulikuwa wa kumshukuru Mungu kuliko wa kulia. Nikasema hiyo ndiyo siku ya kuijaribu baiskeli na mzigo. Nikafunga kiroba cha unga kwenye keria, mchango wangu wa tanga, nikaenda nayo. Nilitaka pia ndugu waione, siwezi kudanganya. Niliiegesha mahali ambapo mtu akienda kunawa lazima aipite.

Nilichosahau ni watani.

Kwa asiyejua mambo ya huku: sisi Wangoni na Wahehe, babu zetu walipigana mpaka wakachoshana, na baada ya kuchoshana wakawekeana utani. Kwenye msiba wetu Wahehe wanakuja kutukera, na kwenye wao tunalipiza. Wanavaa koti la marehemu na kutembea kama yeye, wanalia machozi ya uongo, wanadai chakula ambacho hakijaiva. Wanakamata kitu chako na kusema marehemu aliwaachia, na hukipati mpaka ukikomboe kwa adhabu watakayoitaja wao. Na wanakusema. Lile ambalo ndugu zako wamelinyamazia, mtani anasimama katikati ya watu na kulisema, nawe unacheka. Sheria ni moja, mtani hakasirikiwi.

Mimi nimeoa utanini. Vero ni Mhehe wa Iringa. Dada yake mkubwa, Agnes, anauza viazi mviringo hapa soko kuu. Ni shemeji yangu halafu ni mtani wangu wa kabila, kwa hiyo kwake sina pa kukimbilia. Alifika na wenzake wanne, akapaza salamu ya Kihehe, "Kamwene!", kana kwamba amefika kwao, akaiona baiskeli. Hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja akakalia keria.

"Hii ni yetu," akasema. "Marehemu alituandikia."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Bado nilikuwa mtu wa heshima wakati huo.

Ndipo akaanza kuniigiza. Akachukua mwiko, akachuchumaa mbele ya baiskeli, akawa anakaza nati isiyokuwepo huku ulimi ameutoa pembeni ya mdomo. Inasemekana hivyo ndivyo ninavyofanya. Anaisemesha baiskeli, "Umelala salama, mama? Umekula?" Mwenzake mmoja akajifanya Vero, akaja na kikombe cha chai, akasimama pembeni, na Agnes akamwambia bila kugeuka, "Weka hapo, nazungumza na mke wangu." Uwanja mzima ulikuwa unalia kwa kicheko. Baba mkubwa alishika mbavu.

Nikavumilia hilo. Kisha Agnes akajifunga kanga kiunoni, akapaza sauti, "Nesi anakwenda kazini!" Akapanda baiskeli. Akaisukuma hatua moja, ya pili, akajiangusha nayo kwenye lundo la kuni, kengele ikalia. Akainuka, akapanda, akajiangusha tena. Na huku anaimba, "Kuuliza si ujinga, mkwe wa Wahehe, kuuliza si ujinga."

Wote walicheka isipokuwa mimi na Vero. Mimi nilikuwa natazama gurudumu la mbele, nililolinyoosha spoki baada ya spoki, likigonga gogo. Vero alikuwa anatazama chini. Nilimwona na sikuelewa kitu.

Mara ya tatu nilipiga kelele. Nilisema shuka kwenye baiskeli yangu, hamjui nimeitolea jasho kiasi gani, mke wangu ana safari nayo Jumatatu, utani gani huu usio na akili. Nilisema na mengine.

Watu wote wakanigeukia. Hata wanawake waliokuwa kwenye masufuria waligeuka.

Nimekulia kwenye misiba ya Kingoni na sijawahi kuona mtu mzima akimkasirikia mtani mbele ya tanga. Sasa nimeona, ni mimi. Baba mkubwa aliinuka taratibu kwa fimbo yake. Hakunitazama, aliwatazama wao.

"Watani zetu, mwanetu ametukosea adabu. Semeni mnachotaka."

Agnes alikuwa anajifuta vumbi magotini. Naye hakuwa anacheka tena. Akasema baiskeli itakombolewa kwa kazi yake. Mwenye baiskeli ambebe mke wake mizunguko mitatu kuzunguka uwanja, watu wahesabu, na akishusha mguu chini aanze upya.

Nikapanda. Kile kiti nilichokikata kwa kipimo cha Vero kilinikunja kama panzi, magoti yanagonga usukani. Vero akakaa upande kwenye keria, akanishika shati. Watani wakaanza kupiga makofi na kuhesabu. Nilikuwa nahema kwa hasira zaidi kuliko kwa kazi. Tulipofika nyuma ya jiko, mahali ambapo makelele yanapungua kidogo, alisogeza mdomo karibu na mgongo wangu.

"Baba Neema, mimi sijui baiskeli."

Nilidhani anamaanisha hii, yenye gia. Nikamwambia gia nitamwelekeza, ni rahisi.

"Sijui baiskeli yoyote," akasema. "Sijawahi kupanda."

Nililikosa sufuria la maharage kwa upana wa kiganja. Sikuweza kusimama, watu walikuwa wanahesabu, na mzunguko wa tatu ulikuwa bado. Kwa hiyo nilipokea habari hiyo huku nakanyaga pedali, natabasamu kwa ndugu zangu kama bwana harusi.

Tulipomaliza, Vero alishuka akajipapasa. "Keria yako inauma," akasema. Ndiyo maneno mengine pekee niliyoyapata pale.

Yaliyobaki aliniambia tukirudi, tukitembea, baiskeli katikati yetu. Kwao baiskeli ilikuwa moja, ya baba yao, ya kubebea magunia. Kaka zake walijifunza kwa kuiiba. Wasichana walioigusa walichapwa, maana kazi zao zilikuwa nyingine. Alipokwenda chuo wenzake wote walikuwa wanajua, akaona aibu kuanza ukubwani. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia, siku zote hizo ukiniletea chai. Akasema alikuwa anangoja nimuulize. Kisha akasema nilikuwa nimefurahi mno, kila mgeni namwonyesha, akashindwa pa kuanzia. Siku zilivyozidi kusogea ikawa ngumu zaidi. Akamwomba dada yake aniambie.

Na Agnes alimjibu hivi: nitamwambia kwenye tanga, kwa utani, huko hatanuna.

Hilo ndilo linaloniuma tangu jana. Walinichagulia njia laini kuliko zote, njia waliyotuachia wazee kwa ajili ya maneno kama haya haya. Nilitakiwa nicheke, nielewe, nikomboe baiskeli kwa soda na mambo yaishe. Nami nikanuna kama mtoto aliyenyang'anywa muwa.

Nimekasirika, na sina wa kumkasirikia. Vero? Alinyamaza, ndiyo, nami niko radhi kumlaumu kwa hilo mpaka Pasaka. Lakini nilimpima mguu akiwa anasonga ugali badala ya kumuuliza swali moja. Agnes? Ameshapewa haki yake mbele ya ukoo. Fundi wa Majengo hana kosa katika hili, na hilo nalo linaniudhi.

Leo asubuhi tukasema tujaribu, kesho haingoji. Baada ya misa ya kwanza tulimwacha Neema kwa mama yake mdogo tukaenda uwanja wa shule. Nilishika keria, nikamwambia akanyage. Kukanyaga anakanyaga. Tatizo ni kwamba anatazama miguu yake, na baiskeli inakwenda anakotazama mtu, kwa hiyo ilikuwa inakwenda chini. Nilimwambia tazama mbele. Nilimwambia tena. Mara ya kumi na kitu sikumwambia, nilimfokea, na nikaachia keria kwa hasira wakati yeye anadhani bado nimeshika.

Akaanguka ubavu. Ndio mchubuko huu ninaoutazama sasa. Baiskeli niliiinua kwanza, kisha nikamkumbuka yeye. Ameliona hilo. Sikupata pa kujificha.

Na kama haitoshi, wakati bado yupo chini, akapita mama mmoja na mtoto mgongoni. "Shikamoo, nesi," akasema, akasimama. Vero akaitikia marahaba kutoka pale pale kwenye nyasi, akainuka, akajikung'uta, na akamuuliza kile kikohozi cha mtoto kimefikia wapi. Nyasi ziko kwenye nywele. Wakazungumza mpaka wakamaliza, yule mama akaondoka bila kuuliza chochote. Mimi nimeshika baiskeli kama mtu aliyekuja kuiuza.

Alipoondoka, Vero akasema taratibu kabisa, wala hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika.

"Acha nikakae kule kwanza. Nitajifunza polepole, nikishajua nitarudi."

Tumerudi nyumbani. Mchana ufunguo haukuwa kwenye msumari. Niliuona juu ya meza, karibu na mkoba wake wa kazi. Sikuugusa na sikuuliza. Nikatoka nje nikafungua gurudumu la mbele, nikatoa gololi, nikazipaka grisi upya, wakati grisi ya wiki iliyopita ilikuwa nzima. Nikazirudisha. Neema akaja kuchungulia, akasema, "Baba, baiskeli inaumwa?" Nikamwambia ndiyo, kidogo.

Akaipapasa kitini.

Nimefikiri mchana kutwa na nimepata jambo moja tu, tena la kijinga. Nilimwambia nilipokwenda jikoni kunawa mikono. Nilisema kesho nitampeleka mimi, kwa keria, na jioni nitamfuata, na jioni hiyo hiyo tutapita uwanjani ajifunze, kila siku, mpaka ajue. Sitafoka. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa.

"Na duka?"

"Litachelewa kufunguka."

"Kiti kimekatwa. Magoti yako utayaweka wapi ule mlima?"

Nikasema mlimani nitashuka nisukume. Akasema watu watatuona, nesi anasukumwa kama gunia la mahindi na mwenye duka. Nikasema jana ukoo mzima umeniona, mtu mmoja mmoja wa barabarani hanitishi tena. Nilitegemea atacheka. Alichukua sufuria akaenda kuosha mboga bombani.

Hiyo si ndiyo, na si hapana. Siwezi kulala na jibu la namna hiyo, na siwezi kulidai lingine, nimeshadai vya kutosha jana na leo. Kama asubuhi atatoka na begi kubwa, nitalibeba begi kwenye keria. Nitafanya hivyo. Nitamshusha pale kwenye vyumba viwili, nitageuza baiskeli ya kijani ambayo haijawahi kukanyagwa na gauni, na Jumamosi nitakwenda na mkate.

Naitwa kula.

Nimerudi. Tumekula maharage na chikandi, chakula chetu cha Kingoni. Neema alilalia bega langu kabla hajamaliza, nikampeleka kitandani nikamfunika blanketi mbili. Vero alitoka nje kidogo nikiwa kule, nilisikia mlango, akarudi akasema baridi imezidi, akaanza kunyoosha gauni lake la kazi kwa pasi. Sikumuuliza alikuwa anafanya nini nje.

Nimekuja kuiingiza baiskeli ndani, umande usiiharibu. Taa yangu ya kuchaji nimeiwasha kuona njia. Juu ya keria kuna kitenge chake kimekunjwa mara nne, kile cha zambarau anachokipenda, na amekifunga kwa mpira wa tyubu kutoka kwenye kopo langu la vifaa. Ni unene wa kutosha mtu kukalia mpaka mbele ya Matogoro.

Fundo lenyewe ni baya. Limekaa upande, mkia mmoja mrefu mmoja mfupi, na mpira umepita juu ya rangi ambayo ilikauka juzi. Mimi nisingelifunga hivyo.

Nimeliacha lilivyo.